Nililitoa bandani nilioshe tu, sasa RX-8 yangu haiwaki

"Habari za kazi, mtaalamu. Nipo Dodoma, Ilazo. Tangu nikiwa sekondari nilibandika picha ya Mazda RX-8 kwenye jalada la daftari, na mwaka huu mwezi wa tano Mungu amejalia nimelipata: la mwaka 2005, jekundu, gia sita za mkono, kilomita 98,000. Sitaki lichakae, kwa hiyo kazini naenda na IST ya mke wangu. Jioni nikirudi nalitoa bandani, mita kumi hivi, nalifuta vumbi, nalizunguka, nakaa ndani kidogo, halafu nalirudisha. Jumapili asubuhi, baridi na upepo, nikalitoa nilioshe, nikalizima. Nilipomaliza likagoma kuwaka. Stata inazunguka, tena kwa wepesi kuliko kawaida, ila haishiki, na harufu ya petroli imejaa uwanja. Nimejaribu mpaka betri ikaisha. Fundi wa kwanza kapima kompresheni akasema ipo chini, ringi zimekufa, ndiyo maana linakula oili. Wa pili anashauri nitoe hiyo injini niweke ya Altezza. Je, nimenunua maiti?"

Hongera kwanza. Pole nitakupa nusu tu, maana kwa maelezo yako sioni maiti hapo bandani. Naona injini iliyofurika petroli. Dalili umezitaja mwenyewe: asubuhi ya baridi, gari limetembea mita kumi likazimwa, stata inazunguka kama haina inachosukuma, harufu imejaa. RX-8 zinajulikana duniani kote kwa ugonjwa huu, na mara nyingi unalipata gari linaloenziwa kuliko linalokimbizwa. Namba ya kompresheni, yaani nguvu ya injini kubana hewa, uliyopewa siiamini, sababu nitaieleza. Ama habari ya ringi, hiyo inaisha kwa sentensi moja: injini hiyo haina pistoni, kwa hiyo haina ringi za pistoni za kufa.

Nenda kakae kwenye gari, utazame lile tundu kwenye kichwa cha kiti. Ni pembetatu ambayo mbavu zake zimevimba. Umbo hilohilo limerudiwa kwenye kirungu cha gia, na kwenye boneti kuna mwinuko unaolifuata. Waliochora gari hilo hawakuliweka kwa urembo tu. Ndilo umbo la rota. Ndani ya injini yako zipo rota mbili za chuma, kila moja kwenye nyumba yake iliyotanuka kama yai lililobinywa kidogo kiunoni. Rota ikizunguka, pembe zake tatu zinaugusa ukuta muda wote, na ile nafasi kati ya ubavu wa rota na ukuta inapanuka, inasinyaa, inapanuka tena. Kwenye mpanuko wa kwanza inavuta hewa na petroli, ikisinyaa inabana, plagi zinalipua, kisha moshi unatoka. Hakuna valvu, hakuna kitu kinachopanda na kushuka. Ndiyo maana inapanda resi kwa ulaini ule mpaka 9,000, wakati IST ukiifikisha 6,000 tu unaanza kuionea huruma.

Kazi ambayo ringi zinaifanya kwenye pistoni, hapa inafanywa na sili: kijiti chembamba cha chuma kwenye kila pembe, kinachosukumwa nje na springi, na vijiti vingine vilivyopinda kwenye pande za rota. Sili hizo ndizo roho ya injini. Karibu kila ushauri utakaoupata kuhusu RX-8, ukiuchimba, utakuta unahusu jinsi ya kuziweka safi, zenye oili, na zisizopata joto kupita kiasi.

Kadi ya gari inasema 1,308 cc, na hapo wengi wanadhani wamenunua Vitz yenye sura ya vita. Rota moja ni cc 654, mbili zinafanya 1,308. Lakini katika kila mzunguko wa shafti milipuko ni miwili, sawa na injini ya kawaida ya silinda nne. Kwa kazi inayofanya, na kwa petroli inayokunywa, ilinganishe na injini ya lita 2.6. Mjini tegemea kilomita 6 mpaka 7 kwa lita, safari ndefu kama 9. Ukiona hivyo usimwite fundi, ndivyo ilivyo.

Sasa tuje kwenye Jumapili yako. Injini yoyote ikiwa baridi, kompyuta inaongeza petroli, kwa sababu petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye chuma kilichopoa. Kwenye injini ya pistoni ziada hiyo haina madhara makubwa. Kwenye rota ina madhara, kwa sababu petroli inayobaki majimaji inaosha utando wa oili ulio juu ya sili. Utando huo si kilainishi tu, ndio unaoziba ule upenyo mdogo kati ya sili na ukuta. Ukiisha, kompresheni inashuka hata kama sili ni nzima. Wewe ukaizima gari bado inamiminiwa petroli ya baridi, ikabaki ndani. Ulipopiga stata tena, kompyuta ikaona injini bado baridi, ikamimina nyingine. Plagi zikalowa, cheche ikakosa pa kushika. Ukajaribu tena, ikamiminwa nyingine. Betri ilipochoka stata ikapungua kasi, na injini hii inategemea sana kasi ya stata kupata kompresheni ya kuwakia. Ule wepesi uliousikia ndio ushahidi: stata haikuwa inabana hewa, ilikuwa inazungusha chuma kilicholowa.

Na ukihesabu, tangu mwezi wa tano umekuwa ukiliwasha likiwa baridi na kulizima likiwa baridi mara mbili kila jioni. Jioni za Dodoma zenye joto zilikuwa zinakusitiri. Asubuhi ile ya baridi haikukusitiri.

Matibabu yake hayahitaji kufungua injini. Anza na betri: ichajiwe mpaka ijae, isomeke volti 12.6 hivi ikiwa imepumzika, na wakati wa kazi unganisha na betri ya gari jingine linalowaka. Usiifanye kazi hii kwa betri nusu. Gari liwe nje, pasiwe na jiko la mkaa wala mvuta sigara karibu, na mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi mwa mtu, si kwenye buti.

Njia ya kwanza ni ya mguu. Kabla ya kugusa funguo, kanyaga pedali ya mafuta mpaka chini kabisa na uishikilie hapo, pamoja na klachi. Ndipo upige stata kwa sekunde kumi. Pedali ikiwa imezama kabisa wakati wa kupiga stata, kompyuta inakata petroli, kwa hiyo unachofanya ni kupuliza hewa kavu ndani. Pumzisha stata dakika moja, rudia, mpaka mara nne. Kisha ondoa mguu kwenye mafuta na jaribu kuwasha kawaida. Ikianza kukohoa, endelea na stata, usiiachie mapema. Mara nyingi inashika rota moja kwanza, inatetemeka vibaya, halafu ya pili inafuata.

Isipokubali, toa plagi. Zipo nne, upande wa kushoto wa injini, yaani upande wa abiria kwako, na ni rahisi kuzifikia ukitoa tairi la mbele la kushoto, gari likiwa limekaa kwenye stendi imara wala si jeki peke yake. Kila rota ina plagi mbili: ya chini ina alama ya L, ya juu ina alama ya T. Hazifanani ndani na hazibadilishani nafasi, kwa hiyo bandika karatasi kwenye kila moja na kwenye kila waya kabla hujachomoa. Kosa hili la kuchanganya waya ndilo linalofanya watu waamini injini imekufa baada ya kuifanyia huduma. Zifungue plagi injini ikiwa imepoa, maana nyuzi zake zipo kwenye alumini na zinang'oka.

Plagi zikishatoka, chomoa soketi za koili ili cheche isikutane na petroli itakayoruka, mtu asikae mbele ya matundu, kanyaga mafuta mpaka chini na upige stata sekunde kumi, mara tatu. Utaona ukungu wa petroli ukitoka. Uache ukauke. Baada ya hapo chukua bomba la sindano lisilo na sindano, weka mililita 5 za oili ya injini kwenye tundu la chini la kila rota, zungusha stata sekunde mbili tu oili isambae. Hapo umerudisha ule utando uliooshwa. Funga plagi kavu, ikiwezekana mpya zote nne, anza kuzikaza kwa vidole mpaka zikae, ndipo umalizie kwa spana bila kulazimisha.

Ikiwaka, toa nguo kwenye kamba. Moshi wa buluu na mweupe utajaza mtaa kwa dakika kadhaa, ni ile oili uliyoiweka pamoja na petroli iliyolala kwenye eksozi, wala usiogope. Ishikilie resi ya 2,500 mpaka moshi upungue, iache ipate joto lake, halafu itoe barabarani kilomita ishirini. Siku hiyohiyo au kesho yake badilisha oili, kwa sababu petroli imeshuka chini ikaichanganya. Nusa dipstiki utaamini. Lita tatu na nusu hivi zinatosha pamoja na filta, na filta kwenye modeli yako ipo juu ya injini, unaifungua umesimama, sharti uweke tambara chini yake.

Kitu kimoja usikubali: kulivuta kwa kamba au kulisukuma ili liwake. Petroli yote mbichi itasukumwa kwenye masega ya eksozi, yaani kile kisafisha moshi, injini ikishika inawakia humo, masega yanayeyuka na kuziba. Masega yaliyoziba yanarudisha joto kwenye sili za pembeni, na hapo ndipo injini inapokufa kweli.

Hilo la oili linahitaji kukaa nalo kidogo, kwa sababu ndilo limemtia fundi wako kwenye hukumu. RX-8 inakula oili kwa makusudi. Ina pampu ndogo inayopima oili na kuidondoshea kwenye chumba cha mlipuko ili kulainisha zile sili za pembe. Oili hiyo inaungua pamoja na petroli. Ikitumia lita moja kwa kilomita 1,500 au 2,500, kutegemea unavyokanyaga, ni afya. RX-8 isiyopunguza oili kabisa ndiyo ya kutilia shaka, maana pampu hiyo huenda imekufa na sili zinasaga kavu. Kwa hiyo pima dipstiki kila unapojaza tangi mara ya pili, na chupa ya lita moja ikae kwenye buti siku zote. Kiwanda kilipendekeza 5W-30; kwa joto la huku, hasa kuanzia mwezi wa kumi, sina ugomvi na 10W-40 nzuri. Gari zilizotengenezwa 2003 mpaka 2008 zina matundu mawili tu ya kudondoshea oili kwa kila rota, yote pembezoni, na toleo la kuanzia 2009 likaongezewa la tatu katikati. Ndiyo sababu wenye la zamani kama lako wengi huchanganya oili ya 2T, ya injini za mipigo miwili, kwenye petroli, mililita 5 kwa kila lita. Si lazima, lakini nadhani ni bima ya bei rahisi. Ukifanya, tumia ile isiyoacha majivu mengi, si ile ya kupimiwa kwenye chupa ya maji.

Kuhusu kompresheni. Kipimo cha kawaida cha injini ya pistoni kina kivalvu kinachoshikilia namba kubwa kuliko zote. Rota ina mbavu tatu, na kila ubavu una kompresheni yake. Kipimo hicho kinakuonyesha ubavu bora na kuficha mbovu, au, kama kwako, kinapima injini iliyooshwa oili kwa betri iliyokufa na kutoa namba ya kutisha. Kipimo halali kinafanywa injini ikiwa ya moto, betri imejaa, pedali ya mafuta imezama, kwa kifaa cha rota kinachosoma mbavu zote tatu na kasi ya stata kwa wakati mmoja. Mazda wanaandika kwa mizunguko 250 kwa dakika: mpya ni bari 8.3, ukomo wa chini ni 6.8, na tofauti kati ya mbavu za rota moja isizidi bari 1.5, kati ya rota na rota isizidi 1.

Halafu kuna jambo la Dodoma. Namba hizo ni za usawa wa bahari. Mji wenu upo kama mita 1,120 juu, hewa ni nyepesi kwa asilimia 12 hivi, na kompresheni inashuka kwa kiasi hichohicho. Injini ambayo Dar ingesoma 7.2, Dodoma itasoma 6.3, na fundi mwenye karatasi ya kiwanda ataihukumu kifo. Kwa mwinuko wenu, ukomo wa chini ni kama bari 6.0. Kwa sababu hiyohiyo, zile nguvu za farasi 250 za kwenye kitabu, huku una kama 220. Hakuna kilichoharibika, ni hewa tu.

Kama kifaa cha rota hakipatikani karibu, kuna njia ya masikio ambayo haidanganyi sana. Injini ikiwa imepata joto, toa plagi moja ya chini, koili zikiwa zimechomolewa na mafuta yamekanyagwa, piga stata huku simu inarekodi karibu na tundu. Sikiliza: puf, puf, puf, kwa mpigo sawa kama mtu anayepepeta unga. Ukisikia puf, puf, kimya, puf, puf, kimya, ubavu mmoja umekufa. Rudia kwa rota ya pili. Njia hii haitakupa namba, lakini itakuambia kama mbavu zote sita zipo hai, na kwa sasa ndilo swali lenyewe.

Kipimo kingine cha kila siku ni kuwasha ikiwa moto. Endesha nusu saa, zima, subiri dakika kumi, washa. Ikishika ndani ya sekunde mbili tatu, lala usingizi. Ikihangaika sekunde saba, nane, wakati asubuhi ikiwa baridi inawaka vizuri, sili zimechoka. Anza kuweka akiba. Angalizo: stata dhaifu inaigiza dalili hiyohiyo. Mazda wenyewe baadaye walitoa stata yenye nguvu zaidi kwa gari hizi, na kwa la 2005 lenye stata yake ya kuzaliwa, ningeibadilisha hiyo kabla ya kufikiria injini. Koili nazo zinachoka baada ya kilomita 50,000 hivi, nazo ni nne. Kwa kilomita 98,000, kama hujui zilibadilishwa lini, hesabu kwamba zimechoka. Koili dhaifu ni mlango wa kila balaa: cheche hafifu, petroli isiyoungua, masega yanayoziba.

Ushauri wa injini ya Altezza si wa kijinga, nisimkosee fundi wako. Vipuri vyake vipo, mafundi wanaijua, na likiharibika Manyoni au Kondoa utapata msaada. Lakini ni kazi ya kutengeneza vishikizo, kuunganisha gia, kuoanisha kompyuta mbili zisizojuana, na namba ya injini iliyo kwenye kadi inabidi irekebishwe TRA, la sivyo siku ya kuuza au ya ajali itakurudi. Na utabaki na nini? Uliyempenda kwenye jalada la daftari alikuwa na rota. Kama vipimo vitaonyesha kweli imekufa, machaguo ni matatu: kuisuka upya kwa mtu aliyewahi kusuka rota na si anayetaka kujifunzia kwako, kununua injini kamili iliyopimwa kwa karatasi, au hiyo ya Altezza. La kwanza ndilo ghali na ndilo linalorudisha gari lako. Ila tusijenge kaburi kabla ya mgonjwa kupimwa.

Sasa furaha yako. Mtu anayesubiri miaka yote hiyo ana haki ya kulizunguka gari lake jioni, kulitazama lile bega la mbele linavyovimba juu ya tairi, kufungua milango ya nyuma inayofunguka kinyume na kuona hakuna nguzo katikati. Hakuna anayekuzuia. Nakuomba tu usiliwashe kwa ajili hiyo. Weka gia huru, fungua loki ya usukani kwa funguo, sukuma. Ni kilo 1,300 na kidogo, watu wawili kwenye uwanja wa sakafu wanalimudu, mmoja akiwa kwenye usukani na mkono kwenye handibreki, kwa sababu injini ikiwa imezimwa usukani ni mzito na breki ya mguu inakuwa ngumu baada ya kukanyaga mara mbili tatu.

Ukiliwasha, basi umeamua safari. Lipate joto lake kamili kabla ya kulizima. Ikitokea dharura, umeliwasha na lazima lizimwe, liache lingurume angalau dakika tano mpaka sindano ya joto ifike mahali pake pa kawaida, pandisha resi 3,000 ushikilie sekunde kumi, rudisha chini, ndipo uzime. Hiyo inachoma petroli iliyobaki.

Na mara mbili kwa wiki lipeleke barabarani. Hili la kutolitumia ili lisichakae ni sahihi kwa viatu vya harusi. Oili inayoungua ndani inaacha masizi kwenye rota na kwenye mifereji ya sili. Ukiendesha polepole kila siku, masizi yanazigandisha sili zisiweze kutoka na kubana ukuta. Resi kubwa ndiyo ufagio wake. Toka mjini kuelekea Ihumwa, subiri joto likae vizuri kwa dakika kumi na tano, ukishavuka vibao vya 50 na barabara ni nyeupe mbele yako, ipandishe gia ya pili mpaka 8,000 mara mbili tatu. Hapo utakuwa kwenye kilomita 100 hivi kwa saa, si mbio za kutafuta kifo, na utasikia sauti uliyoinunua. Injini baridi usiifanyie hivyo hata siku moja.

Joto ndilo adui wa pili, na dashibodi yako inakudanganya. Sindano ya joto ya RX-8 inakaa katikati kwa utulivu mpaka injini imeshachemka, ndipo inaruka. Nunua kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya kompyuta chini ya dashibodi, kisome kwenye simu. Nyuzi 80 mpaka 95 ni kawaida, mjini kwenye foleni inaweza kugusa 100 kabla feni hazijaishusha. Ikifika 105 zima kiyoyozi na punguza mwendo, ikifika 110 simama. Chungulia pia chini ya gari: lile kava la plastiki chini ya bampa lipo? Wauzaji na gereji hulitoa likishagonga tuta, wakidhani ni pambo. Kazi yake ni kulazimisha upepo upite kwenye rejeta. Bila hilo, hewa inapita chini na rejeta inabaki na vumbi lake. Rejeta ya oili pia ipo chini kabisa pembeni mwa bampa, na vumbi la Dodoma likichanganyika na wadudu linageuka udongo wa kufinyangia. Ioshe kwa maji ya mpira yasiyo na presha kubwa kila mwezi. Filta ya hewa iangalie kila kilomita 5,000.

Kwa rangi, neno moja: usifute vumbi kwa kitambaa kikavu. Vumbi lenu lina mchanga, na kila jioni umekuwa ukiipiga msasa taratibu. Kwenye nyekundu utaona mikwaruzo ya duara jua la saa kumi na moja likiipiga ubavuni. Mwagia maji kwanza, osha kivulini, kausha hapohapo, maana maji ya visima yakikaukia juu yanaacha madoa meupe ya chumvi.

Mpigie fundi wa umeme wa magari au wa rota aje pale ulipo kama baada ya kutoa plagi na kurudisha oili bado haishiki kwa betri iliyojaa. Kama simu imerekodi ubavu ulio kimya. Kama maji ya rejeta yanapungua na moshi mweupe wenye harufu tamu hauishi hata likipata moto. Au kama taa ya injini inawakawaka unapoendesha. Hiyo ya mwisho usiifikishe nyumbani, zima ulipo na lipakiwe, kwa sababu masega yanaungua wakati huo. Na mkishapanga kulipima kompresheni upya, muulize fundi swali hili kabla hajafungua boneti: kifaa chako kinaonyesha namba ngapi kwa kila rota? Akijibu moja, mshukuru na utafute mwingine.